Dada Yangu Dalali na Swali la Tatu

Dada yangu Renae ana shahada ya falsafa na kazi yake ni kunadi ng'ombe. Nikishamwambia mgeni hivyo huwa nanyamaza kidogo ili apate nafasi ya kucheka, maana nami nilicheka hivyo hivyo, tena nikiwa wa kwanza, na miaka thelathini na mitano baadaye bado sijachoka.

Kwetu ni Hegdal, Minnesota: makanisa mawili ya Kilutheri yanayosalimiana kwa shida, ghala moja la mahindi, na mkahawa mmoja ambao ukifungwa hatutajua pa kwenda kusengenyana. Baba yetu alikuwa dalali wa minada ya mashamba. Mkulima akifa au akichoka, vitu vyake vyote hutolewa uani siku ya Jumamosi, kuanzia trekta hadi sufuria. Akina mama wa kanisa huuza kahawa na pai, na dalali hupanda juu ya tela akaziimba bei mpaka kila kitu kipate mwenyewe. Mwisho kabisa huuzwa nyumba na ardhi. Ni kazi ya heshima na Baba aliijua, lakini hakutaka mtoto wake airithi. Alitaka Renae awe mtu wa benki.

Basi akampeleka Chuo cha Nordahl, maili arobaini kutoka hapa, chuo kidogo cha matofali chenye kengele isiyojua saa. Krismasi ya kwanza Renae alirudi akatangaza mezani kwamba anasoma falsafa, na kuimba, na Kigiriki cha watu waliokufa zamani, na muhula ujao atasoma nyota. Baba akauliza hayo yote yatamfanya awe nani. Renae akasema chuo kile hakimfanyi mtu kuwa nani, kinamfundisha kufikiri. Baba akaweka uma chini, akasema kumbe ada anayolipa ni ya kufundishwa kila kitu ili usiwe chochote. Maneno hayo yalifika mkahawani kabla ya mwaka mpya, na yameishi pale muda mrefu kuliko Baba mwenyewe.

Alipomaliza, benki haikumwita, naye hakwenda kuibishia hodi. Mwaka huohuo Baba akaugua koo, sauti ikakatika, na kulikuwa na minada sita iliyokwisha kutangazwa. Renae akapanda kwenye tela kwa wiki chache tu, alivyosema. Hajashuka mpaka leo. Watu walikiri kwamba kwaya ya chuo ilimpa pumzi, maana anaweza kunadi zizi zima la nguruwe bila kumeza mate, na hiyo ndiyo faida pekee ya elimu yake waliyoweza kuiona kwa macho. Mkahawani wanamwita Profesa. Kuna mzee mmoja ambaye kila vuli humuuliza kama nguruwe ana roho, na kila vuli Renae humjibu amnunue amuulize mwenyewe. Mimi hukaa pembeni nikikoroga kahawa na kusema kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Huo ndio mchango wangu katika falsafa.

Mimi ni Lowell, mdogo wake. Siku za kazi natengeneza injini za dizeli. Siku za mnada nasimama katikati ya watu nikitazama nani anaongeza bei, maana kwetu mtu hanyooshi mkono kama anayezama. Anagusa kofia, au anainua nyusi kidogo tu, nami napaza sauti, "Hapa!" Nasoma nyusi kuliko mtu yeyote katika wilaya nne, na sikuhitaji Kigiriki.

Chuoni sikwenda. Mama alifariki Februari ya mwaka niliomaliza sekondari. Aprili, Baba aliniuliza kama nami nataka kwenda Nordahl, nikasema hapana, asante, kazi ni nyingi. Wiki iliyofuata akaniuliza tena, nikasema aa, sitaki kumsumbua mtu. Akaitikia kwa kichwa akaendelea kula. Nikaenda kujifunza dizeli kwa miezi tisa, na ni kazi nzuri, na mikono yangu haijawahi kulala njaa.

Sasa nisimulie ya Ordell na LaVonne Kvamme, maana bila hao mtu hawezi kumjua Renae.

Hawa ni mume na mke walioishi shamba moja miaka arobaini na sita, upande wa kaskazini, palipo na bwawa. Mwezi Machi, Ordell alipiga simu akasema wameamua kuuza na kuhamia mjini kwenye nyumba ya vyumba viwili isiyo na ngazi. Tukaenda mimi na Renae kuorodhesha vitu. LaVonne akatukaribisha kahawa, tukakataa. Akatukaribisha tena, tukakataa kwa sauti ya chini. Mara ya tatu tukasema haya, kidogo tu, kama ipo tayari, na birika lilikuwa linachemka tangu tulipoingia getini. Ndivyo tulivyo. Anayekubali mara ya kwanza huyo katoka Chicago, na anayekataa mara ya tatu ana ugomvi na wewe. Baba yetu alitoka Kansas na hakuizoea desturi hii mpaka kufa: aliuliza mara moja, akauliza ya pili kwa huruma, kisha akarudisha birika jikoni na mgeni akabaki anatazama kikombe kitupu. Mama ndiye aliyekuwa akija nyuma yake na swali la tatu.

Tulikunywa. Renae akamuuliza Ordell kama kweli anataka kuuza. Ordell akasema ndiyo, LaVonne atafurahi mjini, magoti yake na ngazi hizi haviivi chungu kimoja. LaVonne akaja na keki, Ordell akatoka kuangalia ndama, Renae akamuuliza LaVonne swali lilelile. Naye akasema ndiyo, Ordell amechoka, anahitaji kupumzika. Nikaandika trekta mbili, mashine ya kupandia, kabati la vyombo. Tukaaga kwa muda wa saa nzima, kama inavyotakiwa, tukaondoka.

Tulipofika barabarani Renae akasema, "Hawa watu hawataki kuuza."

Nikamwambia wametia sahihi. Akasema kila mmoja amesema anachotaka mwenzake, hakuna hata mmoja aliyesema anachotaka yeye. Tena, je, niliviona vikombe dirishani? Niliviona. Vilikuwa vikombe vya karatasi karibu sitini, na kila kimoja kina mche wa mnyanya. Akaniuliza ni nani anayeotesha minyanya sitini Machi ilhali Mei anahamia kwenye nyumba isiyo na hata kibaraza. Na Ordell, kwa nini ametengeneza viota vipya vya mbayuwayu na kuvipandisha juu ya mlingoti wiki iliyopita, wakati ndege hao huja Mei? Mimi niliona miche na mbao, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Nikamwambia hii ndiyo hasara ya kusoma sana, mtu hawezi kunywa kahawa bila kutafuta maana ndani yake.

Wiki mbili baadaye Renae alirudi kwa akina Kvamme na hati za mwisho akauliza tena, kila mmoja peke yake, na majibu yakawa yaleyale. Kisha habari ikaenea kwamba mnunuzi mkubwa ni bwana mmoja wa kampuni ya mashamba kutoka kusini, ambaye akinunua hubomoa nyumba, hung'oa miti, akalima moja kwa moja kutoka barabara hadi barabara. Ameshafanya hivyo mara tatu wilayani kwetu, na mahali palipokuwa na jiko la mtu sasa pana maharage ya soya. Kila mtu alijua. Ordell alijua, LaVonne alijua, na kila mmoja alikaa kimya kwa ajili ya mwenzake. Wangekufa na tai shingoni.

Jumamosi ya mnada ilikuwa ya Aprili, upepo na tope. Magari yalijipanga hadi barabara kuu. Akina mama wa kanisa walifungua meza yao ndani ya gereji, na bwana wa kampuni alisimama karibu na tela akiwa na buti safi, jambo ambalo kwetu linatosha kumfanya mtu asiaminike. Renae akaniambia nitoe vitu vidogo vya jikoni nivipange mezani uani. Nilipofika dirishani nikaiona ile minyanya, nayo haikuwa kwenye orodha. Nikawaza kwamba mama wa watu atahitaji vyote viondoke, nikavipakia kwenye trei nikavipeleka mezani.

Nilienda kuleta viti. Niliporudi, vikombe havipo mezani, vimerudi dirishani vimepangwa kama mwanzo. Nikadhani mtu amekosea, nikavipeleka tena. Nikaenda kuchukua taa za mafuta, nikarudi, vikombe vipo dirishani, na LaVonne amesimama jikoni akipangusa meza iliyokwisha kupanguswa, hanitazami. Nikasema samahani mama, ngoja nikusaidie, nikaichukua trei mara ya tatu.

Renae alinishika mkono mlangoni. "Viache," alisema. "Halafu niitie mzee na mama, waje bandani."

Akapanda kwenye tela akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kuna kuchelewa kidogo na kwamba pai ya tufaha ni ya Bi Ardis mwenyewe. Watu mia mbili wakageuka kama kundi moja kuelekea gereji. Kisha akaingia kwenye banda la trekta ambamo nilikuwa nimewakusanya Ordell na LaVonne, akafunga mlango. Nilibaki ndani kwa sababu hakuna aliyeniambia nitoke.

"Mzee Ordell," alisema, "nimekuuliza mara mbili. Hii ni ya tatu. Wewe mwenyewe, si mama, unataka kuuza?"

Ordell alivua kofia akachungulia ndani yake. "Magoti ya LaVonne..."

"Sijauliza magoti ya LaVonne."

Ordell aliizungusha kofia mikononi. Mimi nilikuwa naikagua jeki iliyoning'inia ukutani utadhani sijapata kuona jeki maishani.

"Basi," alisema hatimaye, "siwezi kusema nataka sana."

Msomaji asidanganyike na upole wa maneno hayo. Kwetu hicho ni kilio cha kujigaragaza chini.

LaVonne akamgeukia. "Hutaki?"

"Si wewe uliyesema ngazi zimekushinda?"

"Nilisema zinaniuma. Mtu anauza shamba kwa sababu ya ngazi, Ordell? Si unashusha kitanda chini?"

"Kitapita wapi pale mlangoni?"

"Kilipandaje juu?"

Ordell ndiye aliyekipandisha, mwaka waliooana. Akajaribu upande mwingine, akasema LaVonne ndiye aliyewaambia watu kwamba mumewe amechoka.

"Umechoka," alisema LaVonne. "Unasinzia mbele ya supu. Nilidhani unaona haya kuniambia."

"Nina miaka sabini na minne. Hata mjini nitasinzia."

Walitazamana. Alimtoa mkewe unyasi mmoja wa majani makavu begani, ingawa sikuona unyasi wowote pale, na LaVonne akasema kwamba minyanya ile haikuwa ya kuuzwa. Akasema nyumba ya mjini aliiona mara moja tu na ilinuka zulia. Sikuwahi kusikia mtu wa Hegdal akisema mambo mengi hivyo ya moyoni kwa mkupuo mmoja, na naungama kwamba jeki ilianza kunitia ukungu machoni.

Renae akapanda tena kwenye tela akasema shamba haliuzwi, nyumba haiuzwi, na anaomba radhi kwa safari za watu. Kwetu hakuna anayezomea. Mtu mmoja nyuma akasema, "Haya, hilo nalo ni jipya," ambayo ndiyo kauli kali kuliko zote tulizo nazo. Bwana mwenye buti safi akaja na tangazo mkononi, Renae akamwonyesha mstari wa chini unaosema mwenye mali anaweza kughairi kabla bei ya kwanza haijatajwa. Alisoma, akakunja karatasi mara nne, akasema walau barabara ya kuja ilikuwa nzuri. Ili watu wasirudi mikono mitupu, Ordell alikubali kuuza mashine mbovu ya kumwaga samadi, debe la boliti zisizo na nati, na viti ambavyo LaVonne hakuwahi kuvipenda. Nikapaza sauti yangu mara chache. Pai ziliisha zote.

Tulipokuwa tunarudi, Renae akiendesha, nilikuwa nimefura. Asilimia yake katika shamba lile ingetutosha mpaka vuli, nami nilikuwa na sehemu yangu humo. Nikamwambia miaka minne chuoni, dada, na leo ameitumia yote kujifukuzia riziki.

"Si yote," alisema. "Kigiriki nimekibakiza."

Nikamuuliza alijuaje. Nilimuuliza kwa ubaya kidogo, lakini yeye alijibu kwa wema, ndiyo tabia yake inayoniudhi zaidi. Akasema alikuwa na mwalimu pale Nordahl, mzee mwenye sweta moja, aliyekuwa akiwapa ukurasa mmoja wa kale wausome wiki nzima. Kila walipodhani wameumaliza, aliwauliza swali lilelile: hapa nani amenyamaza? Mwanzoni walimwona kachanganyikiwa. Mwishoni Renae alijikuta hawezi tena kusoma barua, wala kukaa jikoni kwa mtu, bila kujiuliza swali hilo. Akasema hajawahi kuona kazi yake na masomo yake kama vitu viwili. Dalali anaingia nyumba ya mtu siku ambayo mtu huyo hawezi kusema, na lazima awepo anayejua kusikiliza. Nilitaka kutia kijembe hapo, sikukipata.

Tulipita shamba la kwanza, la pili. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Aprili ile Mama alipokuwa amefariki. Baba alikuuliza mara ngapi?"

Sikujifanya sijaelewa. "Mbili."

Akaendelea kuendesha. Na mimi nilitazama nje, mashamba bado meusi, theluji imebaki kwenye mitaro tu. Miaka yote hii nilikuwa nimejisimulia kwamba mimi ni mtu wa spana, na labda ni kweli, lakini nilikuwa pia na kijitabu cha Nordahl chenye picha ya ile kengele, kimekaa chini ya soksi zangu mpaka nilipooa. Maskini Baba. Alichukua neno langu kama mtu wa Kansas anavyochukua neno la mtu.

"Nordahl wanaruhusu watu waliozidi miaka hamsini wakae darasani," alisema Renae. "Alhamisi asubuhi, bure, kuanzia vuli. Mzee wa sweta alishafariki, lakini kuna mwalimu mwanamke anawasomesha ukurasa uleule. Unataka kwenda?"

"Hapana, asante," nilisema. "Vuli ni mavuno. Kila injini ya wilaya hii huja kufia mikononi mwangu."

Tukapita ghala la mahindi, tukapita makanisa yote mawili.

"Lowell, unataka kwenda?"

"Aa, na mikono hii ya grisi? Nitawachafulia vitabu."

Akakunja kuingia uani kwangu, akasimamisha gari bila kuzima injini. Nilifungua mlango. Yeye alitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, kimya kabisa, na sikujua kama amechoka, au amekata tamaa, au anasubiri kusikia nilichonyamazia, kama alivyofundishwa na mwalimu wake. Upepo ukaingia ndani ya gari. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari umekanyaga tope. Nina miaka hamsini na mitano, nimezika wazazi wote wawili, nimeinua injini kwa mnyororo peke yangu, na sijaogopa maishani kama nilivyoogopa pale, kwamba ataniaga na kuondoka.

"Dada," nikasema, "niulize tena."